Kukata Masega na Kuzima Mifumo ya Kupunguza Moshi wa Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwenye gari akilalamika kwamba gari lake limekuwa zito kupanda mlima, au kwamba taa ya injini imewaka na haizimiki, shauri analopewa gereji mara nyingi huwa fupi: "Tukate masega, bosi, tumalize." Kazi yenyewe haichukui hata saa moja. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wenye magari, madereva na mafundi huyauliza kabla ya kazi hiyo kufanyika au, kwa bahati mbaya, baada ya kufanyika. Majibu yanaihusu zaidi Tanzania na majirani zake, na yanagusa Marekani na Ulaya pale ambapo sheria na mahakama za huko zimelichambua jambo hili kwa undani.

Masega ni kitu gani, na ni mifumo gani mingine inayochezewa?

Masega ni jina ambalo mafundi wetu wengi wameipa katalitiki konvata, kile kiboksi cha chuma kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi kati ya injini na silensa. Jina linatokana na umbo la ndani, kwa kuwa ukikikata utakuta kauri yenye vitundu vyembamba vilivyopangana kama sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu kwa kiasi kidogo sana. Moshi wa injini ya petroli huwa na vitu vitatu vyenye madhara makubwa: kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huizuia damu kubeba oksijeni, hidrokaboni, yaani mabaki ya petroli ambayo haikuungua, na oksidi za naitrojeni, ambazo zikikutana na hidrokaboni kwenye jua kali hutengeneza ozoni ya karibu na ardhi inayowasha koo na mapafu. Masega yakishapata moto wa nyuzi 250 hadi 300 hivi huanza kuvigeuza vitu hivyo kuwa hewa ya ukaa, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida, na yakiwa mazima na ya moto vya kutosha huondoa zaidi ya asilimia 90 ya vitu hivyo.

Pamoja na masega kuna sensa za oksijeni. Ya mbele huiambia kompyuta ya gari kama petroli inayoingia imezidi au imepungua, na ya nyuma huangalia kama masega bado yanafanya kazi. Kwenye dizeli za kisasa kuna valvu ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza oksidi za naitrojeni, chujio la masizi ambalo wengi hulijua kwa herufi DPF, na kwenye malori mapya kuna mfumo unaopulizia maji ya urea kwenye moshi. Vyote hivi hukatwa, huzibwa au huzimwa kwa programu.

Ni kazi gani hasa inayohesabiwa kuwa ni kuchezea mifumo hii?

Kukata masega na kuweka bomba tupu ni mfano ulio wazi. Lakini kuyaacha mahali pake baada ya kubomoa kauri ya ndani kwa nondo ni jambo lile lile, na pengine ni baya zaidi, kwa sababu kiboksi kinabaki nje kikimdanganya mnunuzi na mkaguzi. Kuziba EGR kwa kipande cha bati, kuingiza programu mpya inayoifanya kompyuta isahau kwamba chujio la masizi limewahi kuwepo, kufunga kifaa kinachoiambia lori kwamba urea inapulizwa wakati tangi lake ni kavu, au kuihadaa sensa ya nyuma ili taa isiwake, vyote vimo humo.

Kubadilisha kifaa kilichokufa kwa kingine kizima kinachofanya kazi ileile si kuchezea, hata kama kipya hicho hakikutoka kwa mtengenezaji wa gari. Kusafisha EGR au chujio na kulirudisha nalo ni matengenezo ya kawaida.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu anayeona haki hiyo inavunjwa kuchukua hatua za kisheria. Chini ya sheria hiyo zilitungwa mwaka 2007 kanuni za viwango vya ubora wa hewa, ambazo zinatazama uchafu unaotoka kwenye vyanzo mbalimbali, magari yakiwemo. Usimamizi wake uko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Barabarani, askari wa usalama ana mamlaka ya kulisimamisha gari bovu, na gari linalotema moshi mzito ni gari bovu bila kuhitaji kipimo cha maabara.

Mkazo wa sheria zetu, kwa hiyo, uko kwenye kile kinachotoka mwishoni mwa bomba. Watu wengi wameuelewa mkazo huo kwa namna ya kujifariji, wakidhani kwamba kama hakuna askari aliyewahi kuinama chini ya gari kutafuta masega, basi jambo hilo limeruhusiwa. Hapo wanakosea. Aliyeondoa kifaa kilichokuwa kikiondoa sumu tisa katika kila kumi amejiweka mwenyewe katika hatari ya kuvuka kiwango, na siku gari likipimwa hatakuwa na la kujitetea, maana hawezi kusema kwamba uchakavu umemtokea bila yeye kujua.

Na Kenya, Uganda na Rwanda?

Kenya imeliweka jambo hili hadi kwenye Katiba: Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inatamka haki ya kila mtu kupata mazingira safi yenye afya, na kanuni za ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2014 chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Kenya pia hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda ilibadilisha sheria yake ya usalama barabarani mwaka 2018 na kuzuia kuingizwa nchini magari yenye zaidi ya miaka 15. Rwanda ilitunga mwaka 2016 sheria mahususi ya kulinda ubora wa hewa. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kupitia daraja la mpakani la Rusumo kwenda Kigali hana budi kukumbuka kwamba gari lililopita bila kuulizwa upande mmoja linaweza kuulizwa upande wa pili wa daraja.

Kwa nini sheria ya Marekani hutajwa sana katika mada hii?

Kwa sababu inalitaja tendo lenyewe. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970, pamoja na marekebisho ya mwaka 1990, inakataza mambo mawili waziwazi: kuondoa au kulemaza kifaa chochote kilichowekwa kwenye gari ili kutimiza masharti ya moshi, na kutengeneza, kuuza au kufunga kifaa ambacho kazi yake kuu ni kukikwepa au kukishinda kile cha kwanza. Haijalishi kama gari likipimwa litafaulu au litashindwa. Marekebisho ya 1990 yalimweka ndani ya katazo la kwanza hata mtu binafsi mwenye gari lake, na sheria ikaweka adhabu ya hadi dola 25,000 kwa kila gari pale mkosaji anapokuwa mtengenezaji au muuzaji wa magari, na dola 2,500 kwa watu wengine; viwango hivyo vimepandishwa tangu wakati huo ili kufuata mfumuko wa bei.

Uingereza ilichukua njia ya ukaguzi. Tangu Februari 2014, gari la dizeli lililotoka kiwandani na chujio la masizi hushindwa ukaguzi wa kila mwaka endapo chujio hilo halipo, hata kama moshi wake hauonekani kwa macho. Mtanzania au Mkenya anayeishi Birmingham na kununua gari la dizeli la bei poa anapaswa kulijua hili kabla ya kulipa.

Fundi ananiambia nikitoa masega gari litapata nguvu na litakula mafuta kidogo. Ni kweli?

Kuna chembe ya ukweli iliyobeba uongo mwingi. Masega yaliyoziba kweli huinyima injini pumzi, na yakiondolewa mwenye gari husikia tofauti siku hiyohiyo. Ndipo huamini kwamba masega yote ni adui wa nguvu. Angefungiwa masega mazima angesikia tofauti ileile. Kizuizi kinachowekwa na masega mazima kwenye gari la kawaida la kwendea kazini ni kidogo mno kiasi kwamba dereva hawezi kukitambua.

Kuhusu mafuta, mara nyingi matokeo huwa kinyume cha ahadi. Anayekata masega hovyo huharibu sensa ya mbele au waya zake, na sensa hiyo ikifa, kompyuta hubaki ikimwaga petroli kwa kukisia. Gari huanza kunuka petroli mbichi na plagi huwa nyeusi, naye mwenye gari hurudi gereji kulalamikia ulaji wa mafuta ambao aliulipia mwenyewe.

Je, masega yakiziba kweli nifanye nini?

Kwanza tafuta kilichoyaua. Masega hayafi bila sababu. Kwa kawaida huuliwa na injini inayokula oili, na plagi au koili mbovu inayoachia petroli mbichi kwenda kuungulia ndani ya ekzosi mpaka kauri inayeyuka, au na maji ya rejeta yanayovuja kuingia kwenye silinda. Ukibadilisha masega bila kuponya ugonjwa huo, mapya nayo yatakufa. Zamani kulikuwa na sababu nyingine, petroli yenye madini ya risasi, ambayo hufunika madini ya masega yakawa kama kauri tupu; lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na kisingizio hicho kimebaki midomoni tu.

Ni kweli kwamba masega mapya ni ghali na kwamba bei hiyo ni mzigo kwa mtu anayeendesha gari la miaka 15 ili apeleke watoto shule. Sitaki kulipuuza hilo. Yapo masega yasiyo ya kampuni iliyotengeneza gari, ya bei nafuu, na ingawa hayadumu sana, ni bora mara nyingi kuliko bomba tupu. Ikiwa gari limekwama njiani kati ya Morogoro na Iringa na bomba limeziba kabisa, fundi akilifungua ili ufike nyumbani amekusaidia. Yanayohojiwa ni yale yanayofanyika baada ya kufika, kama unarudisha kifaa au unaiacha dharura igeuke hali ya kudumu.

Gari langu ni la dizeli na chujio la masizi linaziba kila mara kwa sababu ya foleni. Si afadhali liondolewe?

Chujio la masizi limetengenezwa lijisafishe. Masizi yakijaa, kompyuta huongeza joto la moshi hadi nyuzi 600 hivi na kuyachoma yakawa majivu machache. Kazi hiyo inahitaji gari liende kwa kasi ya kutosha kwa muda fulani, na gari linalotambaa kwenye foleni kutoka Mbezi hadi Ubungo halipati nafasi hiyo. Ndiyo maana mtu anayetembea mjini tu anashauriwa kununua la petroli. Huo ndio ushauri ambao muuzaji hatoi. Aliyekwisha kununua la dizeli alitoe barabara kuu mara kwa mara, atumie oili inayofaa chujio hilo, na taa ikiwaka alipeleke likasafishwe kwa mashine mapema, kabla halijajaa kupita kiasi.

Mafuta yetu nayo yalikuwa kikwazo kwa miaka mingi, kwa sababu salfa nyingi kwenye dizeli huharibu vifaa hivi. Januari 2015 Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziliingia kwenye kiwango cha pamoja cha salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila milioni, ambacho vifaa vingi vinaweza kukihimili.

Hoja ya kwamba kifaa kinaiziba injini na hivyo kinastahili kuzimwa ilikwisha kufika mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Katika uamuzi wake wa tarehe 17 Desemba 2020, uliotokana na kesi ya magari ya dizeli nchini Ufaransa, mahakama ilisema kwamba kuzuia injini isichakae au isijae uchafu taratibu si sababu inayokubalika. Kinachoweza kukubalika ni hatari ya madhara ya ghafla yanayomtishia dereva anapoendesha. Uchakavu ni sehemu ya kumiliki gari, na gharama yake haihamishiwi kwa wapita njia.

Gari langu moja linaongeza nini katika jiji zima lenye moshi?

Swali hili linastahili jibu refu kuliko mengine, maana ndilo linalotuliza dhamiri za wengi.

Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitoa mwaka 2020 makadirio kwamba katika muda wa miaka kumi, zaidi ya magari 550,000 ya dizeli aina ya pikapu nchini humo yalikuwa yameondolewa mifumo ya moshi. Kwa uchafu uliozidi, shirika lilisema, ilikuwa sawa na kuongeza barabarani magari mengine ya aina hiyo zaidi ya milioni tisa ambayo hayakuchezewa. Gawanya mwenyewe: kila gari moja lililochezewa lilihesabika kama zaidi ya magari 16. Anayesema gari lake ni moja tu hajui kwamba anaendesha msafara.

Halafu tazama moshi unapokwenda. Bomba la ekzosi la gari dogo liko chini ya goti la mtu mzima. Simama kituo cha daladala saa moja asubuhi, uangalie nani ana pua iliyo karibu na urefu huo: ni mtoto wa chekechea aliyeshikwa mkono na dada yake, na ni mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mama anayekaanga mihogo akiwa ameketi kwenye kigoda, hatua mbili kutoka ukingo wa lami. Mama huyo haendi popote. Magari yanapita yeye akiwa palepale tangu alfajiri hadi jioni, na dereva aliyemtemea moshi hata sura yake hakuiona. Wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa injini za dizeli mwezi Juni 2012 katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mtu huniambia, "Gari ni langu, nimelilipia ushuru." Nakubali kwamba gari ni lake. Masega, hata hivyo, hayakuwekwa kwa ajili yake. Ni kifaa kilichowekwa kwa ajili ya aliye nyuma na aliye kando. Viti, redio na kiyoyozi vinamhudumia aliyemo ndani. Kuamua peke yako kuhusu kitu kilichowekwa kumlinda mwingine, bila yeye kuulizwa, ni kuchukua haki ya mtu. Katika mwambao wetu watoto wa madrasa hufundishwa mapema hadithi ya Mtume isemayo kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na sijui tendo la kila siku linaloigusa hadithi hiyo kwa karibu kuliko hili.

Kampuni kubwa zenyewe zilidanganya. Kwa nini nisakamwe mimi mwenye gari moja?

Zilidanganya kweli, na zilitozwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipima magari ya dizeli barabarani kwa mashine za kubebeka, na matokeo yao ya mwaka 2014 yakaonyesha moshi mwingi usiolingana na vipimo vya maabara. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani iliituhumu Volkswagen hadharani kwa kuweka programu iliyotambua kwamba gari linapimwa na kuwasha mifumo ya moshi kwa wakati huo tu. Barabarani oksidi za naitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango. Kampuni ilikiri kwamba magari milioni 11 hivi duniani yalihusika. Januari 2017 ilikubali kukiri makosa ya jinai na kulipa dola bilioni 4.3, mbali na fidia kwa wenye magari. Cummins, watengenezaji wa injini, nao walikubali adhabu ya dola bilioni 1.675 iliyotangazwa Desemba 2023, na Hino ya Japani, ambayo malori yake tunayajua vizuri, ilikiri mwaka 2022 kughushi takwimu za moshi.

Jambo lililowakera watu duniani kote lilikuwa kwamba mashine ilifundishwa kusema uongo. Programu inayoingizwa gereji ili taa ya injini isiwake hufanya kazi ya namna hiyohiyo, kwa kipimo kidogo. Aliyekasirishwa na Volkswagen ana kila sababu ya kuikataa.

Mimi ni fundi. Mteja ndiye aliyeagiza na ndiye anayelipa. Kosa ni langu?

Kwa Marekani jibu ni ndiyo bila utata, kwa sababu sheria inamtaja anayefanya na anayefunga. Katika kesi ya Volkswagen, mhandisi James Liang, ambaye hakuwa mwenye kampuni, alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha miezi 40, na meneja Oliver Schmidt miaka saba. Kwamba walikuwa wakitumikia mapenzi ya waliowazidi cheo hakukuwaondolea hatia.

Kwetu, mbali na sheria, kuna suala la elimu aliyonayo fundi. Mteja hajui masega ni nini, fundi anajua. Mteja amesema gari halina nguvu, naye fundi ndiye aliyetafsiri maneno hayo kuwa "kata". Fundi mwadilifu hupima kwanza. Hufungua plagi na kupima mgandamizo wa upepo na msukumo wa moshi kabla ya masega, kisha humweleza mteja kilichobainika na gharama ya kila njia. Akikataliwa, amwache aende. Najua kuna vijana gereji ambao siku wakimkataa mteja mmoja hawali, na sitawahukumu kwa ukali uleule ninaomhukumu mwenye kampuni ya malori 50 anayeamuru madereva wake wazime mfumo wa urea ili aokoe fedha kwenye safari ya Tunduma na Lubumbashi. Huyo wa pili ana uwezo wa kununua urea.

Kuuza masega yaliyotolewa ni halali?

Kuuza chuma chakavu ni biashara halali kwa mwenye kibali. Tatizo ni kwamba thamani ya rodiamu, ambayo mwanzoni mwa 2021 ilipita dola 20,000 kwa aunsi, imewafanya watu wayatamani masega ya wenzao. Mengine hukatwa usiku kwenye maegesho, na mengine hutolewa gereji mwenye gari akiwa ameketi nje akinywa chai, kisha anaambiwa "yalikuwa yameoza". Mteja ana haki ya kuona alichotolewa na kuondoka nacho. Anayenunua bila kuuliza kilikotoka ananunua mali ambayo huenda ni ya wizi, na hilo ni kosa la jinai.

Gari limeingia nchini likiwa tayari halina masega. Nani mwenye kosa?

Mnyororo ni mrefu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 ya mtumba yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko eneo lingine lolote. Wakaguzi wa Uholanzi walipochunguza magari yaliyokuwa yakipakiwa kuja Afrika walikuta baadhi yamenyofolewa vifaa vya thamani kabla ya kuondoka. Aliyenyofoa ana kosa, na nchi iliyoruhusu meli ing'oe nanga ina sehemu yake. Lakini kuanzia siku unapojua, sehemu inayobaki ni yako. Iwapo mkataba wa ununuzi au picha za mnada zinaonyesha gari lilikuwa kamili, mdai muuzaji mara moja kwa maandishi.

Nikiuza gari ambalo masega yake yalitolewa, ni lazima nimwambie mnunuzi?

Mwambie. Ni kasoro isiyoonekana ambayo wewe unaijua, na kuificha, hasa kama umeihadaa taa, ni udanganyifu.

Kabla ya kununua, nitajuaje kama masega yapo na yanafanya kazi?

Niliwahi kununua gari dogo lililosifiwa kwangu kuwa halijaguswa. Miezi miwili baadaye, fundi mmoja mzee alilipandisha kwenye jeki, akagonga kiboksi kwa nyundo ya mpira, akanitazama. "Sikiliza, mwanangu," akasema, akagonga tena. Kililia kama debe tupu la mafuta ya kupikia. Kisha akanionyesha mstari wa kuchomelea uliopakwa rangi ya fedha ili ufanane na chuma cha zamani. Tangu hapo sinunui gari bila kulala chini.

Fika asubuhi injini ikiwa baridi, na mwombe muuzaji asiiwashe kabla yako. Angalia kiboksi: kiwe na mshono wa kiwandani ulionyooka, na kisiwe na alama mpya za kuchomelea. Kigonge kwa kiganja au nyundo ya mpira. Mlio wa debe unaonyesha hakuna kitu ndani, na mlio wa kokoto unaonyesha kauri imevunjika. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake, halafu izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, imefichwa. Washa, liache lipate moto dakika 15, kisha shika kitambaa cheupe cha pamba nyuma ya bomba, hatua moja mbali, kwa nusu dakika, ukiwa mahali penye hewa ya wazi. Unyevu wa maji ni kawaida. Doa jeusi au harufu ya petroli inayobaki kwenye kitambaa hata baada ya kukikunja na kukitia mfukoni ni sababu ya kutosha kuita fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, alipwe na mnunuzi na si muuzaji, na alinganishe mwendo wa sensa ya mbele na ya nyuma. Zikicheza kwa pamoja kama pacha, masega hayafanyi kazi. Ya nyuma ikitulia huku ya mbele ikipanda na kushuka, yapo na yanafanya kazi.